Akilacho Shore, Mtoto Asile

Wengi wetu tulikua na kanuni moja ya porini: tunda analokula ndege, binadamu naye anaweza kulila. Tulifundishwa na dada zetu wakubwa tulipokwenda kuokota kuni, nasi tukawafundisha wadogo zetu. Leo watoto wetu wanaambiana maneno hayo hayo njiani wakitoka shule au mafundisho ya Jumapili, huku mikono yao ikichuma kila kilichoiva kando ya njia.

Mwezi huu tumeona tuizungumzie kanuni hiyo, kwa sababu si ya kweli, na wapo watoto walioumia kwa kuifuata. Lakini kukataza tu hakutoshi. Mtoto akiambiwa "usile" atauliza "kwa nini?", na mama mwenye jibu husikilizwa kuliko mama mwenye fimbo. Basi, ili tupate jibu la kuwapa, hatuna budi kwanza kujua ndege hufanya nini na matunda yale, na vichaka navyo vinapata faida gani kwa kuwalisha.

Nani aliupanda?

Tazama ua wa nyumba yako. Bila shaka kuna miti uliyoipanda mwenyewe, na kuna mingine iliyojiotea. Chini ya mwembe umeota mpilipili ambao hukuupanda. Kando ya nguzo ya uzio umeota mnavu. Pembeni, karibu na choo, kimeota kichaka cha lantana chenye maua ya rangi mchanganyiko. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tunasema, ukiona kichaka kimeota mahali ambapo ndege hupenda kutua, yupo aliyekipanda.

Mmoja wa wapandaji hao unamfahamu vizuri. Ni shore, yule ndege wa rangi ya udongo mwenye kichwa cheusi na manyoya ya manjano chini ya mkia, ambaye huanza kelele kabla jogoo hajamaliza kuwika. Yupo pia pasa, ambaye wengine humwita kuzumburu, mwenye mkia mrefu kama wa panya, anayetambaa matawini na kuharibu mapapai yetu. Wapo kwezi wenye manyoya ya kung'aa, na kule msituni wapo hondohondo wenye midomo mikubwa. Hawa wote ni walaji wa matunda.

Mti hauna miguu. Mbegu zake zikiangukia chini yake zote, zinapata taabu nyingi. Kivuli cha mama yao huzinyima jua, na mizizi yake huwahi maji kabla yao. Tena wadudu, panya na magonjwa ya ukungu hujikusanya pale pale penye chakula kingi. Hata sisi tunajua kwamba ugonjwa ukiingia katika nyumba yenye msongamano, huwashika wengi kwa mara moja. Kwa hiyo mmea unahitaji mtu wa kuzichukua mbegu zake na kuzipeleka mbali kidogo, na ujira wa kazi hiyo ni nyama ya tunda. Tunda likiwa changa huwa la kijani, gumu na chungu, kwani mbegu zilizomo bado hazijakomaa. Mbegu zikiwa tayari, tunda hulainika, huwa tamu, na hubadilika rangi kuwa jekundu, jeusi au zambarau ili ndege alione toka mbali. Ndege wana macho makali sana kwa rangi, kupita hata sisi.

Firigisi ya kuku na tumbo la shore

Hapa tuingie jikoni. Mama yeyote aliyewahi kumpasua kuku anaijua firigisi. Ni nyama nene na ngumu, na ndani yake hukosi kukuta mchanga na vijiwe. Kuku hana meno. Humeza punje za mahindi na mtama, halafu firigisi huzisaga kwa vijiwe hivyo kama jiwe la kusagia. Mbegu ikipita hapo imekwisha kufa. Njiwa naye ni hivyo hivyo. Chiriku na shomoro huzivunja mbegu kwa midomo yao kabla hazijafika tumboni. Hawa ni walaji wa mbegu, na mmea haupati faida kubwa kwao.

Shore ni tofauti. Firigisi yake ni nyembamba na laini. Humeza tunda dogo zima zima, tumbo lake hukwangua nyama na sukari, na mbegu hupita salama hadi nje. Safari hiyo ni fupi, kwani kwa ndege wadogo wa namna hii huchukua dakika chache, pengine hadi saa moja au zaidi kidogo. Mbegu nyingine huzitema tu kwa mdomo baada ya kuzimenya. Kwa hiyo mbegu nyingi huangukia si mbali sana, pengine mita chache au mamia machache kutoka kwa mama yao, hasa chini ya mti, nguzo au waya ambapo ndege ametua kupumzika. Ndiyo maana chini ya mti mmoja uliosimama peke yake malishoni utakuta kitalu kizima cha vichaka vichanga.

Tumbo la ndege huondoa nyama ya tunda, na hilo nalo ni msaada. Mbegu ya mimea mingi haioti vizuri ikiwa bado imefunikwa na nyama yake, na nyama hiyo ikioza huleta ukungu. Wewe mwenyewe, unapotaka kupanda mbegu za nyanya, huziosha kwanza na kuzikausha. Shore hufanya kazi hiyo bure.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwingereza Charles Darwin, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1859, alieleza jinsi alivyookota ndani ya bustani yake mbegu za aina 12 kutoka katika mavi ya ndege wadogo, kwa muda wa miezi miwili tu. Zilionekana nzima, na baadhi ya zile alizozijaribu ziliota. Hakutumia chombo chochote cha gharama. Alikuwa na bustani, macho na uvumilivu, vitu ambavyo hata sisi tunavyo.

Funzo la mpilipili

Sasa tufikie jibu la swali la mtoto. Kwa nini ndege ale na asidhurike, nasi tudhurike? Mwalimu mzuri wa somo hili ni pilipili kichaa.

Pilipili zote asili yake ni bara la Amerika, na huko bado kuna zinazoota porini kama vichaka vidogo vyenye tunda dogo jekundu. Kinachotuchoma ni kemikali iitwayo kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza kipokezi kilichomo katika mishipa ya fahamu ambacho kapsaisini hukigusa. Kipokezi hicho ndicho pia kinachotuambia kwamba kitu ni cha moto, na kwa hiyo tukila pilipili, mwili hudhani umeungua. Kwa kazi hiyo na nyingine kama hiyo Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege nao wana kipokezi hicho, lakini chao hakisikii kapsaisini. Kuku wako anaweza kudonoa pilipili kichaa akaendelea na shughuli zake bila kutoa chozi.

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 2001 Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walitangaza uchunguzi wao juu ya pilipili za porini huko Arizona, Marekani. Waliona kwamba matunda yale yaliliwa na ndege, hasa ndege mmoja wa kule mwenye mdomo uliopinda. Panya wa porini walikula matunda mengine waliyopewa, hata pilipili za aina isiyowasha, lakini zile kali walizikataa. Kisha wakazipanda mbegu zilizopita matumboni mwao. Mbegu zilizopita tumboni mwa ndege ziliota sawasawa na zile ambazo hazikuliwa. Zilizopita kwa panya hazikuota hata moja, kwani panya huzitafuna.

Basi mpilipili unafanya kama mama anayemwachisha mtoto kunyonya kwa kupaka pilipili kwenye titi. (Jambo hilo sisi wauguzi hatulishauri kabisa, kwani humchoma mtoto mdomo na macho bila sababu. Mwachishe polepole.) Mpilipili umeweka ukali wake kwa ajili ya mwenye meno, na utamu wake kwa ajili ya mwenye mabawa. Huko Bolivia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha zaidi. Mbegu za pilipili za porini zilizopita tumboni mwa ndege mdogo wa kule zilinusurika kwa wingi zaidi, ongezeko la asilimia 370, kuliko zile ambazo hazikupita. Tumbo la ndege lilikuwa limepunguza ukungu juu ya mbegu, na pia harufu inayowavuta chungu.

Sasa tunaona kosa la ile kanuni ya zamani. Tunda la porini limetengenezwa kwa ajili ya mgeni fulani, na mgeni huyo si mtoto wako. Ndege anaweza kustahimili kitu ambacho mwili wetu haukistahimili. Ndege humeza bila kutafuna, na mtoto hutafuna. Ndege hupitisha mbegu upesi, na kwa mtoto hukaa tumboni muda mrefu. Tena ndege huchagua lililoiva, lakini mtoto mwenye haraka huchuma hata la kijani.

Mimea miwili ya kuangalia

Wa kwanza ni lantana. Uliletwa kutoka Amerika ya joto kwa ajili ya uzuri wa maua yake na kwa kuwa hufanya ua mzuri. Matunda yake ni vishada vya vijitunda vya kijani ambavyo vikiiva huwa vyeusi vya kung'aa. Shore huvipenda mno. Watu wengi wamekula yaliyoiva bila kuumwa, na ndiyo maana wengine hawaamini tunaposema yana hatari. Lakini yale ya kijani yamehesabiwa kwa miaka mingi kuwa na sumu. Si kila mtoto aliyekula ataumwa, ila hakuna mama anayeweza kujua mapema ni yupi. Kwa mifugo sumu ya majani yake inajulikana vizuri. Ng'ombe aliyekula lantana huharibika ini, macho huwa manjano, na ngozi ya pua na sehemu nyeupe huchubuka akikaa juani.

Wa pili ni mturituri, mmea unaotambaa, wenye maganda yanayopasuka na kuonyesha mbegu nyekundu zenye kidoa cheusi. Wengine huziita macho ya tipitipi, kwa kuwa zinafanana na jicho jekundu la ndege huyo. Mbegu hizi hazina nyama yoyote ya kula. Wataalamu wanaona kwamba wekundu wake humdanganya ndege, naye huzichukua akidhani amepata tunda. Ndege amedanganywa, na mtoto pia hudanganywa na rangi hiyo hiyo. Ndani ya mbegu kuna sumu kali sana. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu mara nyingi huizuia sumu kutoka, lakini ikitafunwa au ikiwa imetobolewa kutungwa shanga, inaweza kuua. Hutungwa mikufu na vikuku, na mara nyingine humo ndani ya kayamba. Kayamba ikipasuka, kusanya mbegu zote kabla watoto hawajazifikia.

Mtoto akishakula

Katika miaka yetu ya kazi tumewapokea watoto waliokula matunda ya uani. Tunamkumbuka mmoja wa miaka minne, aliyeletwa na bibi yake akiwa anatapika na kushika tumbo. Bibi hakuja mikono mitupu. Alikuwa amevunja tawi la mmea wenyewe, lenye majani, maua na matunda, akalifunga kwenye pindo la khanga.

"Sista," alituambia, "huyu kala haya. Kawaona shore wanakula, naye kala. Lakini mbona shore hawafi?"

Tulipolifungua pindo tuliona ni lantana, na matunda mengi yalikuwa mabichi. Tulijua tunashughulika na nini, mtoto akaangaliwa usiku kucha, na kesho yake mchana alikuwa anadai chai. Tawi lile lilitusaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Mara nyingi tunaletewa mtoto na kuambiwa tu "amekula vitu vyekundu", na vitu vyekundu viko aina mia.

Kwa hiyo, mama, mtoto akila tunda usilolijua, fanya hivi:

Kwanza, toa mabaki mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa safi, na msukutue kwa maji.

Pili, usimtapishe. Usimpe maji ya chumvi, wala usimtie kidole kooni. Matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Maziwa nayo si dawa ya kuondoa sumu, ingawa watu wengi wanaamini hivyo.

Tatu, akiwa amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, mlaze kwa ubavu na usimpe kitu chochote mdomoni.

Nne, chukua tawi la mmea, lenye matunda, uende nalo hospitali. Eleza amekula saa ngapi, na kama unaweza, ni mangapi.

Tano, kama ni mturituri, nenda hata kama mtoto anacheza na kucheka. Dalili zake huweza kuchelewa saa nyingi, hata siku au zaidi, kisha huja tumbo la kuhara damu na udhaifu mkubwa. Usingoje dalili.

Na kwa pilipili iliyoingia jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika nyingi, na mshike mikono mtoto asisugue. Wewe mwenyewe ukimaliza kukata pilipili, osha mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Ukali wake hauyeyuki kwa maji matupu. Paka kwanza mafuta kidogo ya kupikia, kisha osha kwa sabuni.

Je, tuwafukuze ndege?

Mama mwingine atasema, basi tufyeke vichaka vyote na kuwaruhusu wavulana wawapige ndege kwa manati. Hapana, mama mwenzetu. Tusikilize habari ya milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga.

Huko kuna mti mdogo wa msituni ambao asili yake ni milima hiyo. Wataalamu wanauita Leptonychia usambarensis. Mbegu zake huchukuliwa na ndege. Mtafiti Norbert Cordeiro na mwenzake Henry Howe walilinganisha msitu mkubwa usiokatwa na vipande vidogo vya msitu vilivyobaki katikati ya mashamba. Mwaka 2003 walitangaza walichokiona. Katika vipande vidogo ndege waliofika mtini walikuwa wachache, mbegu zilizochukuliwa zilikuwa chache, na miche michanga iliyoota mbali na mama yake ilikuwa michache pia. Miti ilisimama na kuzaa kama kawaida, ila wapandaji walikuwa wamepungua. Mtu akipita pale ataona msitu mzima na kusema hakuna neno. Upungufu utaonekana kwa wajukuu, miti mizee itakapoanguka bila warithi.

Lakini milima hiyo hiyo inatuonya pia upande wa pili. Pale Amani Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakaleta miti na mimea kutoka pande nyingi za dunia. Kichaka kimoja chenye asili ya Amerika, kiitwacho Clidemia hirta, sasa kimeenea ndani ya misitu ile. Tunda lake moja dogo la rangi ya buluu iliyoiva huwa na mbegu ndogo sana zaidi ya 100, na ndege hawajui kwamba ni mgeni. Wanakula na kupanda. Lantana nayo ni vivyo hivyo, na mimea hii miwili imo katika orodha ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani. Ndege hana ubaguzi. Hupanda kile anachokikuta mezani.

Hapo ndipo kazi inaturudia sisi. Sisi ndio tunaochagua nini kiwepo mezani. Mama anayeacha lantana izae uani mwake hawezi kusema shamba la jirani halimhusu, kwa maana shore wake hawaheshimu mipaka.

La kufanya nyumbani

Tunapendekeza haya, na hakuna linalohitaji fedha.

Ng'oa lantana pamoja na mizizi kabla haijazaa. Ukiikata tu au kuichoma moto, huchipua tena. Anza na ile iliyo karibu na zizi na njia ya watoto. Kisha kila baada ya mvua pitia chini ya miti na nguzo wanapotua ndege, ung'oe vichipukizi vikiwa bado vidogo. Kazi hii itaendelea kwa miaka, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Usifyeke kila kitu. Mkwamba wenye vijitunda vyeupe, mikole, na vichaka vingine vya asili vilivyokuwako tangu zamani, viachie nafasi pembezoni mwa shamba. Vinalisha ndege, na vingine vinakupa dawa na kuni. Kama hujui ni kipi cha asili na kipi mgeni, waulize wazee kabla ya kushika panga.

Tazama pia michungwa na miparachichi yako. Kama kuna kichaka kinachoota juu ya tawi na kunyonya mti, hicho nacho ni kazi ya ndege. Mbegu zake zina utomvu unaonata kama ulimbo. Ndege mdogo, yule anayelia mchana kutwa kama fundi anayegonga bati, hula tunda, hutema mbegu, na kwa kuwa inamnatia mdomoni huifuta kwenye tawi jingine. Hapo hapo huota. Dawa yake ni kukata tawi lenyewe, chini ya pale kilipoota, kabla hakijazaa.

Manati nayo tuizungumze. Mvulana akikatazwa kwa makaripio atakwenda kuwinda mbali na macho yako. Mpe kazi badala yake. Mwambie atandike gunia safi chini ya mti wanapolala shore, na baada ya siku chache mhesabu pamoja ni mbegu za aina ngapi zimeangukia hapo. Aokote kwa kijiti, na anawe mikono kwa sabuni, kwani mavi ya ndege hubeba vijidudu. Kisha achukue makopo mawili yenye udongo. Katika moja apande tunda zima, katika jingine apande mbegu zilizooshwa za tunda hilo hilo. Amwagilie yote sawa na angoje. Mtoto aliyeona kwa macho yake ni lipi lililotangulia kuota hatamtazama tena shore kama kitoweo tu.

Na mwisho, wafundisheni watoto kanuni mpya badala ya ile ya zamani. Ni fupi, wanaweza kuikariri: "Tunda nisilolijua, silili mpaka mama aseme." Wafundisheni wote, hata wale wa jirani wanaocheza uani kwenu, kwa sababu mtoto huiga zaidi kwa mtoto mwenzake kuliko kwa mzazi. Zungukeni ua pamoja siku moja, mkitaja kila mmea kwa jina lake. Mapera haya tunakula, mnavu huu tunachuma majani tu tunayopika, haya meusi ni ya shore, hizi nyekundu hata kuzigusa tusiziguse. Matembezi ya nusu saa yatakuokoa na safari ya usiku kwenda hospitali.

Kuna tunda ambalo liliandaliwa kwa ajili ya mwanao, nawe ndiye unayelijua na kumwekea mkononi. Mengine tuwaachie wenye mabawa, nao waendelee na kazi yao.